UZI: Hela imekatwa kwenye simu, dukani haijafika. Nimekaa jikoni miaka mitatu, njooni niwaambie inakokuwa

#1 MzeeWaMafaili

Wakuu salaam. Kila wiki humu naona mtu analia hela imekatwa dukani haijaingia, alafu kila mmoja ana wake wa kumtukana, huyu mtandao wa simu, yule benki, mwingine app. Mimi nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ndogo ya malipo hapa Dar, hizi mnazoita fintech, jina sitaji na inbox msinisumbue. Sikuwa fundi wa mitambo, kazi yangu ilikuwa kulinganisha mahesabu. Asubuhi nafungua faili la mtandao wa simu, nafungua na la kwetu, natafuta mstari usio na mwenzake. Kazi ya kuumiza macho lakini ndo nilipoelewa hawa jamaa wanavyoishi pamoja, maana kwenye picha za uzinduzi unaona watu wenye suti wanapeana mikono, kwenye faili unaona nani kamshika nani shati.

Naanza na kisa. Mama mmoja anauza vitenge Kariakoo, mteja kamlipa 86,000 Jumamosi jioni. Kile kidirisha kimeruka kwenye simu ya mteja, kaweka namba ya siri, meseji ya kukatwa ikaingia. Kwa mama kimya. Mteja anaonyesha simu yake, mama anaonyesha ya kwake, vitenge vimeshafungwa kwenye mfuko viko juu ya meza na hakuna anayethubutu kuvigusa. Wakapiga mtandao wa simu, wakajibiwa kwetu umefanikiwa, muone uliyemlipa. Wakatupigia sisi, dada wa huduma kwa wateja akaangalia akakuta muamala "unasubiri", akawaambia ile nyimbo mnayoijua, subirini masaa 24. Mteja akaondoka mikono mitupu na hela hana.

Jumatatu faili likaja nikaanza kuutafuta. Mama anasema ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba. Faili la mtandao limeandika 18:47. La kwetu 15:47. Muamala ni huohuo mmoja! Seva yetu ilikuwa ya kukodi nje ya nchi na aliyeifunga hakusogeza saa, ilikuwa nyuma yetu masaa matatu miaka yote hiyo na hakuna aliyejali kwasababu kila mtu ofisini alishazoea kujumlisha tatu kichwani.

Kilichotokea ni hivi. Mtandao ukishakata hela unatuma jibu kwenye seva ya fintech, "imekatwa, namba ya muamala hii hapa". Lile jibu lilikuja kweli ila seva yetu ilikuwa imezimika dakika kama nne hivi, likagonga hodi, hakuna mtu, likaondoka. Hela yenyewe haikwenda popote, ilikuwa imelala kwenye akaunti yetu ya kukusanyia hukohuko kwenye mtandao. Yaani mama anatulaani, mteja analaani mtandao, na 86,000 iko kwetu sisi wenyewe hatujui kama tunayo.

Naendelea, ngoja nipate chai.

#2 bodaGhost

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Ila mkuu kwanini faili lisubiri Jumatatu, mtandao si uko hewani wikiendi?

#3 MzeeWaMafaili

Mtandao uko hewani, watu ndo hawapo. Muamala unapita kwa sekunde ila kusafishana mahesabu kati ya kampuni na kampuni bado kunategemea mtu mwenye funguo za ofisi. Ndo maana hela ikikwama Ijumaa jioni we jua umeingia kwenye wikiendi ndefu.

#4 wakala_kona

Mimi wakala mwaka wa tisa huu. Mnasema ushirikiano, ushirikiano gani wakati app zimejaa na kamisheni yangu inapungua? Zamani mtu analipa umeme kwangu, analipa king'amuzi kwangu, leo analipia kitandani. Alafu akikwama anakuja kwangu kunililia kana kwamba mimi ndo nilimtengenezea hiyo app.

#5 MzeeWaMafaili

Wakala unachosema kweli na wala sikubishii. Ila tukumbushane hii nyumba ilianzaje. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, huku kwetu ikaingia 2008, Tigo Pesa 2010. Kipindi kile mtandao wa simu ulifanya kila kitu wenyewe, kutuma, kupokea, kutoa, basi. Hata kutuma mtandao mwingine ilikuwa shughuli, mnakumbuka yule wa mtandao wa pili anapata meseji yenye namba anaenda nayo kwa wakala kutoa keshi? Mpaka 2014 ndo Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana pochi zao zisomane, Voda akaja kujiunga 2016. Tanzania tulikuwa wa mwanzo Afrika kwa hilo, sema tunapenda kujidharau.

Sasa wakati huo bili zote, umeme, maji, ving'amuzi, ada za shule, zinataka kuingia kwenye menyu ya nyota. Je Tanesco akae na kila mtandao mmoja mmoja kuunganisha mfumo? Shule yenye wanafunzi 300 ikaongee na mitandao minne? Haiwezekani. Hapo ndo akina Selcom na MaxMalipo wakapata mkate, wao wanaunganisha mara moja na mitandao yote, we mwenye biashara unaunganisha na wao tu. Dalali, ila dalali mwenye seva. Serikali nayo ikajenga wa kwake, ile GePG yenye kontroo namba.

Kwaiyo mgawanyo wenyewe uko hivi: mtandao ana laini yako, ana ile *150* unayobofya, ana mawakala nchi nzima. Fintech ana mafundi wanaoweza kutengeneza kitu kwa wiki mbili ambacho kwenye mtandao kingekaa kwenye vikao miezi minane. Na benki, ambaye watu wanamsahau, ndiye aliyekaa na hela yenyewe. Maana ile namba unayoiona kwenye simu sio hela, ni kivuli. Hela halisi iko benki kwenye akaunti ya amana, na kwa sheria ya mifumo ya malipo ya 2015 na kanuni zake kampuni ya simu hairuhusiwi kuichezea kama mtaji wake. Faida inayozaliwa huko ndo ile ambayo Tigo walianza kuwagawia wateja 2014, mtu unaamka unakuta kamia tatu kameingia unadhani umekosewa.

#6 Mama Wawili

Kaka mimi naomba unisaidie kwenye mikopo. Nilikuwa napewa laki na ishirini, nimelipa vizuri sijawahi chelewesha, juzi naangalia naambiwa elfu kumi na tano. Nani ananipunguzia? Nikiwapigia wanasema "mfumo ndio unapanga". Huo mfumo una roho?

#7 MzeeWaMafaili

Dada Mama Wawili, mfumo una wenyewe watatu na wote hawako kwenye simu unayopiga.

Mkopo wa kwenye simu hauna hela ya kampuni ya simu, weka hilo akilini. M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012 hela ilikuwa ya benki ya CBA, Safaricom yeye ni mlango tu. M-Pawa ya huku 2014 ilikuwa Voda na CBA hiyohiyo. Kwa Nivushe ya Tigo na Timiza ya Airtel akaingia mtu wa tatu, Jumo, fintech yenye asili ya Cape Town, kazi yake ni kukupima. Mtandao unatoa historia yako, unaweka vocha kiasi gani na mara ngapi, laini una nayo muda gani, hela inaingia na kutoka vipi, ukikopa unarudisha lini. Fintech anaigeuza kuwa alama. Benki anaangalia alama anaachia hela.

Sasa kiwango chako kikishuka inaweza isiwe wewe umekosea chochote. Anayekupima akibadilisha kanuni zake, au benki akiona hasara imezidi akafunga bomba kidogo, mmeshuka maelfu usiku mmoja, na dada wa huduma kwa wateja hajaambiwa chochote, anachokiona kwenye skrini yake ni namba ileile unayoiona wewe. Kwaiyo usimgombeze sana.

Kwa upande wako nikuulize, hela zako za biashara siku hizi zinapita wapi? Kama ulihamia laini nyingine au unapokelea benki, laini ya mwanzo inaonekana kama ya mtu aliyefilisika.

#8 Mama Wawili

Eeeh! Nilifungua lipa namba mwezi wa tatu wateja wote wanalipia huko. Kumbe nimejichongea mwenyewe.

#9 MzeeWaMafaili

Siwezi kuapa kuwa ndo sababu, fomula zao hawazitangazi, ila ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

#10 PwaniTamu

Hamjambo, mie niko Mombasa. Huku nyie mwasema mkopo, sie twasema Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio likipungua, ishakuwa kama chumvi. Ilianza Januari 2019, nyuma yake NCBA na KCB, na hiyo NCBA ndiyo CBA mwenye M-Shwari alipoungana na NIC. Kinachoniudhi ni ule upole wa maneno yao. Haiitwi riba, yaitwa ada. M-Shwari walikuwa wakikata asilimia 7.5 kwa mwezi, wakopa elfu warudisha elfu na sabiini na tano, waona si kitu. Haya, kopa kila mwezi mwaka mzima kama tufanyavyo sote, ushatoa mia tisa juu ya elfu ile ile moja. Na Fuliza ndiyo kabisa, nikitiliwa pesa tu na mtoto wangu yakatwa kabla sijaiona, nabaki nasoma meseji.

#11 bodaGhost

Hapo PwaniTamu umenigusa, huku tuna Songesha ni ndugu yake tumbo moja. Mimi nikiweka hela ya mafuta inamezwa.

#12 Msomi wa Kijiweni

Mtoa uzi unawapamba sana. Kampuni za simu ni wanyonyaji. Fintech analeta wazo, wao wanalisikiliza kikaoni wanaitikia vizuri, baada ya mwaka unaliona kwenye menyu yao lina jina jipya. Na ukileta ubishi wanakuzimia mtambo.

#13 MzeeWaMafaili

Msomi siwapambi, nilikuwa nakuja huko. La kuzimiwa mtambo lipo na mahakama inalijua. 2015 kule Kenya, kampuni ya malipo inaitwa Lipisha ilikuwa inampitishia malipo BitPesa aliyekuwa anafanya mambo ya bitcoin, Safaricom wakafunga huduma ya Lipisha wakisema BitPesa hana kibali cha kutuma pesa. Wakaenda Mahakama Kuu kuomba huduma irudishwe wakati kesi inaendelea, Desemba mwaka huohuo jaji akakataa. Sijadili nani alikuwa na haki, ninachotaka mkione ni kwamba biashara nzima ilikuwa imening'inia kwenye kamba moja na kamba ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Sisi wenyewe ofisini tulikuwa na ukuta umebandikwa karatasi, "Usimuudhi mtu wa mtandao". Utani, lakini hatukucheka sana. Mkataba ukija kuhuishwa unatumwa Ijumaa mchana na asilimia mpya tayari imeshaandikwa, wewe kazi yako ni kusaini. Bosi wetu alikuwa anausoma kwa sauti alafu anasaini.

Wapo waliojaribu kukwepa. Nala ya yule kijana wetu Benjamin Fernandes ilianza kama app ya kurahisisha menyu za nyota, unabonyeza picha kwenye simu yenyewe inabofya zile namba kwa niaba yako hata bila bando. Ujanja mtupu, maana hakuhitaji kuomba mlango, aliingilia dirisha la kila mtu. Lakini ukijenga juu ya menyu ya mwingine na mwingine akaibadilisha jana usiku, leo asubuhi app yako inabofya sehemu siyo. Baadaye wakahamia kutuma hela kutoka Ulaya na Marekani kuja huku, na huko unamkuta mtandao wa simu tena, ila safari hii unamletea hela mpya anakupokea kwa tabasamu.

Equity Kenya yeye akasema kama tatizo ni laini basi na mimi naleta laini, Equitel, 2015, akipanda juu ya minara ya Airtel. Huku Selcom akaenda upande wa pili akanunua benki ya Access Microfinance. Ukiona dalali anaanza kununua nyumba ujue amechoka kuitwa dalali.

#14 wakala_kona

Ila tuwe wakweli, nani aliyejenga mawakala? Mitandao. Mimi mwaka wa kwanza walinipa mwavuli, meza na mafunzo, nani wa fintech aliwahi kuja hata kunisalimia? Wanatengeneza app Masaki, mteja yuko Mbagala.

#15 MzeeWaMafaili

Sahihi kabisa wakala na hili Msomi asilipite. App inaweza kuwa nzuri namna gani, mtu akitaka keshi saa mbili usiku inabidi kuwe na mtu amekaa kwenye kona ana keshi mkononi. Hiyo mitandao imeilipia miaka na miaka. Nikipiga hesabu zangu za kijinga naona wao hawachukui asilimia ya teknolojia, wanachukua kodi ya barabara. Ubishi ni kodi iwe kiasi gani.

Na pale makubaliano yanapokaa vizuri kazi inaonekana. M-Kopa pale Kenya walianza kuuza taa za sola 2012, unaweka kianzio alafu unalipa kidogokidogo kila siku kwa M-Pesa, ndani ya kile kiboksi kuna laini ya simu, umelipa kinawaka, hujalipa kinajifunga. Fikiria kabla ya hapo nani angemkopesha mtu wa kijijini Siaya alafu kila siku atume mtu wa pikipiki akachukue shilingi arobaini? Mafuta tu ya pikipiki yanaizidi. Wala M-Kopa asingeweza bila M-Pesa, na kila arobaini inayolipwa Safaricom hakutafuta mteja, kaletewa.

#16 Mama Wawili

Na zile app zinazopigia watu wako wa kwenye simu kuwaambia unadaiwa? Nazo zimeungana na mitandao? Shemeji yangu walimpigia mpaka mchungaji.

#17 MzeeWaMafaili

Hapana dada, hizo usizichanganye. Hizo ni kausha damu wa kidijitali. Wanatumia mtandao kama mtu mwingine yeyote anavyoutumia, kukutumia hela na kupokea marejesho, lakini alama zako hawazitoi huko, wanazitoa kwenye simu yako yenyewe pale ulipobonyeza "kubali" wakanyonya majina yote. Novemba 2024 BoT, yaani Benki Kuu yetu, ilitoa orodha ya app 69 zinazokopesha bila leseni. Kenya walizibana mapema kidogo, sheria Desemba 2021 na kanuni Machi 2022. Na sisi tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, kumpigia mchungaji wa mtu kumtangazia deni sio kukusanya madeni hiyo. Shemeji aandike malalamiko, akiwa na rekodi za simu.

#18 Msomi wa Kijiweni

Vipi hiyo TIPS ya BoT, ule mfumo wa kupitisha malipo papo hapo kati ya benki na mitandao, si ndo ingemaliza udalali wote?

#19 MzeeWaMafaili

Imepunguza sana shida ya kutoa benki hii kwenda mtandao ule, zamani kila wawili walikuwa na bomba lao la siri, sasa kuna bomba moja la Benki Kuu. Ila TIPS inapitisha hela, haikutafutii mteja na haikujengei duka. Na seva ya fintech ikizima dakika nne, imezima tu, BoT hawezi kukuwashia.

#20 bodaGhost

Mkuu hujamalizia, vitenge viliishaje?

#21 MzeeWaMafaili

Hahaha. Hela iliingia kwa mama Jumatatu saa nane mchana baada ya kusukumwa kwa mkono, na kusukumwa kwa mkono maana yake ni saini tatu. Mteja akarudi Jumatano. Mama alishaviuza Jumapili, alisema hawezi kukaa na mzigo wa mtu ambaye hajui kama kalipa. Ikabidi amchagulie vingine, yule dada alikuwa anataka vilevile, ni sare ya harusi. Mama akanipigia mimi, sio huduma kwa wateja, mimi, akanisema dakika kumi na moja. Nilikaa kimya nikasikiliza, ningesema nini?

#22 Kijana wa Tegeta

Samahani naingilia, nina tatizo hilohilo sasa hivi. Nimelipia kifurushi cha mtandaoni 32,500, meseji ya kukatwa ninayo, tarehe 14. Niliolipa wanasema wamepekua tarehe 14 yote hakuna kitu, wananiambia meseji yangu ni ya kughushi! Siku ya tano leo.

#23 MzeeWaMafaili

Ulilipa saa ngapi?

#24 Kijana wa Tegeta

Usiku sana, kama saa saba hivi. Nilikuwa sina usingizi.

#25 MzeeWaMafaili

Usitume picha ya meseji tu, watumie ile namba ya muamala ya juu kabisa uiandike kwa herufi, O na sifuri usizichanganye. Alafu waambie wapekue tarehe 13, kuanzia saa nne usiku. Wakikuuliza kwanini we waambie wapekue tu.

#26 bodaGhost

😂😂 zile saa tatu!

#27 Kijana wa Tegeta

Wakuu imepatikana. Ilikuwa tarehe 13, 22:04. Wanasema subiri masaa 24.